Usingizi wa Mchana Uliopitiliza: Mwongozo Kamili wa Dawa, Kuanzia Kabati la Nyumbani Hadi Famasi

Ukikaa nyuma ya kaunta ya famasi Moshi mjini, swali hili hulikosi: "Samahani dada, mna dawa ya kuzuia usingizi?" Anayeuliza anaweza kuwa dereva wa basi, mwanafunzi wa chuo aliyebanwa na mitihani, mlinzi wa lindo la usiku, au mama anayesinzia mezani mpaka watoto wanamcheka. Dawa za kumfanya mtu abaki macho zipo, na kwa mgonjwa anayestahili zinamrudishia kazi na heshima yake. Ila wengi wanaoziulizia hawahitaji kuongezewa kidonge. Wanahitaji kupunguziwa kimoja wanachokimeza tayari, au kutafutiwa ugonjwa unaowaharibia usiku. Ndiyo maana hatua nne za mwanzo hapa hazina dawa ya kubaki macho hata moja. Usiziruke.

Jambo moja kabla ya kuanza: vipimo vya dawa nitakavyovitaja ni vya kukusaidia kuelewa maelekezo ya daktari wako. Si vya kujipangia mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni usingizi, si uchovu

Aliyechoka anatamani kupumzika, lakini ukimpa kitanda saa 8 mchana anaweza kukodolea macho dari. Mwenye usingizi uliopitiliza, ukimkalisha tu kwenye benchi tulivu, ameondoka. Wote wawili watakuambia "nimechoka, dokta", na hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo, kwa sababu dawa za kubaki macho hazitibu uchovu wa upungufu wa damu wala wa mawazo.

Kuna kipimo cha karatasi kinachosaidia. Kinaitwa Epworth, na kilichapishwa mwaka 1991 na Dk. Murray Johns wa Melbourne, Australia. Unajiuliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane: ukisoma, ukiangalia televisheni, ukiwa umekaa kimya mahali pa watu, kama kwenye ibada au kikao cha kikoba, ukiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima bila kusimama, ukijilaza mchana, ukiongea na mtu mkiwa mmekaa, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana ambacho hukunywa pombe, na ukiwa kwenye gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Kila hali inapewa alama 0 (sisinzii kabisa) hadi 3 (lazima nitasinzia). Jumla ya juu kabisa ni 24. Ukizidi 10, una usingizi uliopitiliza na unahitaji kuchunguzwa.

Jaza kwa ukweli, kisha mpe mwenzi wako au mtu unayeishi naye akujazie pia. Alama zake mara nyingi huwa kubwa kuliko zako, na mimi huziamini zaidi zake. Anayesinzia akiwa anaongea na mtu, au akiwa ameshika usukani, asisubiri kumaliza hatua zote hizi. Aende hospitali wiki hii, na usukani aukabidhi kwa mwingine.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Sasa chukua mama anayeuza mboga: anaamka saa 10 alfajiri awahi mzigo soko la Mbuyuni, na hapati kuweka kichwa kwenye mto kabla ya saa 5 usiku. Hizo ni saa 5. Akifululiza hivyo mwaka mzima, kusinzia kwake mchana ni jibu la kawaida la mwili wenye afya. Hakuna ugonjwa hapo wa kutibu, na kidonge kitamfanya tu asisikie deni la usingizi linavyoongezeka.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: saa uliyolala, saa uliyoamka, mara ulizoamka usiku, pombe, kahawa, na saa ulizosinzia mchana. Ukiweza, ndani ya wiki hizo lala kwa muda wa saa 8 kila usiku, siku kadhaa mfululizo. Usingizi wa mchana ukipungua waziwazi, umepata jibu bila kutoa hata shilingi. Usipopungua, daftari hilo ni dhahabu kwa daktari, maana ndilo swali lake la kwanza.

Wa zamu za usiku nao waandike hivyohivyo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kundi hili limeongezeka, na usingizi wa mchana kwenye chumba chenye bati la moto na kelele za mtaa haufikii ule wa usiku. Pazia zito na simu kuzimwa vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Mwaga dawa zako zote mezani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Chukua mfano wa baba wa miaka sitini na kitu kutoka Machame, mwenye kisukari. Anafika famasi na malalamiko ya kusinzia. Ukimwomba aonyeshe anachotumia, anafungua mfuko na kutoa bahasha za kaki moja baada ya nyingine. Ya sukari. Ya presha. Moja imeandikwa kwa kalamu "Amitrip 25, 1x1 usiku", aliyopewa kliniki kwa sababu miguu ilikuwa inawaka moto. Nyingine imeandikwa "Piriton 1x3".

"Baba, hii ya mafua unaitumia tangu lini?"

"Tangu tulipovuna mahindi, mwanangu. Vumbi lile."

Aliandikiwa siku tano. Akaona pua imetulia, akaendelea kujinunulia mwenyewe. Na ile amitriptilini anaimeza saa 6 usiku, baada ya mpira kwisha kwenye televisheni, halafu saa 12 asubuhi anashangaa kwa nini kichwa kizito. Huyu hana haja ya dawa ya kubaki macho. Piriton inaweza kubadilishwa na loratadini ya mara moja kwa siku, ambayo haimlazi mtu kwa kiwango hicho, na amitriptilini akubaliane na daktari wake aimeze mapema, tuseme saa 2 usiku, au ipunguzwe.

Nawe fanya hivyo nyumbani. Toa kila kitu: vya hospitali, vya dukani, vya jirani, vya mitishamba. Hawa ndio watuhumiwa wanaojitokeza mara kwa mara:

- Dawa za mzio na mafua: klorofeniramini (ndiyo Piriton), prometazini, na dawa nyingi za maji za kikohozi zilizochanganywa na vitu hivyo.
- Dawa za maumivu: tramadoli, kodeini, gabapentini, pregabalini.
- Dawa za kifafa, hasa fenobabitoni, na pia karbamazepini.
- Dawa za akili na wasiwasi: diazepamu, klorpromazini, haloperidoli, olanzapini, amitriptilini.
- Methildopa, ambayo mama wengi wajawazito wenye presha huitumia.
- Pombe. Mbege au konyagi ya kulalia inaleta usingizi haraka, kisha inauvuruga kuanzia usiku wa manane.

Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir naye aangalie saa anayoimeza. Kwa baadhi ya watu dawa hii hukimbiza usingizi ikimezwa usiku, na kinachoonekana kama ugonjwa wa kusinzia mchana ni usiku uliopotea. Aongee na wahudumu wa kliniki yake ya VVU (CTC) kuhusu kuihamishia asubuhi. Asiiache.

Na hapo kwenye kuacha niseme kwa sauti: fenobabitoni, karbamazepini, diazepamu na dawa za akili hazikatwi ghafla. Ukiacha dawa ya kifafa leo kwa sababu inakulaza, kesho kutwa unaweza kuletwa hospitali ukiwa na degedege lisilokatika. Peleka orodha kwa aliyekuandikia, mpunguze au mbadilishe pamoja.

Hatua ya 4: Tafuta kinachokuibia usiku

Kama saa zinatosha na kabati ni safi, sasa ni zamu ya uchunguzi. Anza kituo cha afya au hospitali ya karibu. Kwa Moshi kuna Mawenzi, kwa Arusha kuna Mount Meru, na rufaa ya kanda iko KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kama unatumia bima, usiruke ngazi, chukua barua ya rufaa. Vipimo vya mwanzo ni vya kawaida: wingi wa damu, sukari, homoni za tezi ya thairoidi, shinikizo la damu, uzito, na mzunguko wa shingo. Daktari mzuri atauliza pia kuhusu huzuni ya muda mrefu, maana sonona ina namna mbili za kucheza na usingizi: wengine hawalali, wengine hawaamki.

Kukoroma ndiko kunakohitaji nafasi kubwa hapa. Mtu anayekoroma kwa nguvu, halafu akanyamaza kama pumzi imekatika, halafu akashtuka kwa mkoromo mkubwa, ana dalili za ugonjwa wa kuziba njia ya hewa usingizini. Koo linalegea, hewa haipiti, ubongo unamwamsha apumue, na hilo linaweza kurudia mara nyingi kila saa bila mwenyewe kukumbuka asubuhi. Anaamka na kichwa kinauma, kinywa kikavu, presha haishuki kwa dawa. Unene na shingo nene, kuanzia sentimita 40 hivi, vinaongeza uwezekano. Mbinu rahisi: mwenzi akurekodi kwa simu dakika kumi usiku wa manane. Daktari wa masikio, pua na koo ataelewa kwenye rekodi hiyo mengi kuliko katika maelezo yako ya nusu saa.

Tiba yake kuu ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake kule Sydney. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe ya jioni vinasaidia. Ukinunua mashine, panga pia suala la umeme kukatika. Kuna zinazokubali betri. Kidonge cha kubaki macho hakifungui koo. Anayekoroma akameza tu kidonge atakuwa macho mchana huku moyo wake ukiendelea kunyimwa hewa usiku.

Ugonjwa wa pili ni nadra, ila unaumiza kwa sababu hautambuliki: narkolepsia. Huanza mara nyingi kwa vijana. Mtu analala masaa yake yote, lakini usingizi unamvamia darasani, kazini, hata akila. Wengine hukabwa na jinamizi wakati wa kulala au kuamka, wakiona watu chumbani na wasiweze kunyanyua kidole. Alama ya wazi zaidi ni hii: akicheka sana au akishtushwa kwa furaha, magoti yanalegea, taya linashuka, anaweza kuanguka, na akili iko timamu muda wote. Hiyo inaitwa katapleksia. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa wengi wa namna hii umepoteza chembe zinazotengeneza haipokretini, kemikali inayotuweka macho. Kwetu mtoto kama huyu huitwa mvivu, au anapelekwa kuombewa mapepo. Maombi hayana ubaya, ila naye aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Uthibitisho hutolewa kwa kulazwa usiku mmoja kwenye vipimo vya usingizi, na kesho yake kupimwa anavyosinzia mchana.

Waongoza watalii, wapishi wa kambi, askari wa hifadhi na wafugaji wa upande wa Serengeti na Tarangire wasisahau malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Wagonjwa siku hizi ni wachache, lakini aina ya Afrika Mashariki inakwenda haraka, ndani ya wiki hadi miezi. Homa isiyoeleweka, kidonda mahali mbung'o alipouma, kichwa, kisha usingizi unageuka: mchana unalala, usiku uko macho. Sema waziwazi hospitali kwamba ulikuwa porini, wakupime damu kwa darubini. Tiba ipo, na tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 imo pia ya vidonge, feksinidazoli.

Hatua ya 5: Anza na dawa unayoijua, lakini itumie kama dawa

Kafeini ni dawa. Ina kipimo, ina muda, ina madhara. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchemsha kina takriban miligramu 80 hadi 100. Chai nyeusi ni kama nusu yake au pungufu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu nalo ni kama 80, pamoja na sukari ambayo haukuihitaji. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni miligramu 400 kwa siku. Kwa mjamzito 200. (Arabika yetu ya mlimani ina kafeini pungufu kuliko robusta ya Kagera, karibu nusu yake. Wachaga wasinipige.)

Nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni bado kiko nawe saa 4 usiku. Weka mwisho saa 8 mchana. Kwa dereva, njia yenye nguvu kuliko zote ni kunywa kahawa halafu kulala papo hapo dakika 15 hadi 20: unaamka wakati kafeini inaanza kufika kichwani. Kati ya Arusha na Moshi unaweza kusimama Usa River au Boma Ng'ombe ukafanya hivyo, na abiria watakaokununia watakusamehe wakifika.

Mirungi siiweki hapa kama chaguo. Inaondoa usingizi kweli, kwa sababu ina kathinoni, inayofanana na amfetamini. Inapandisha presha, inaleta wasiwasi, usiku unaofuata unaharibika, na ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Hatua ya 6: Zijue dawa zenyewe

*Modafinili* ndiyo inayoanziwa mara nyingi. Ilitengenezwa Ufaransa, na Marekani iliiruhusu mwaka 1998 kwa narkolepsia, kisha 2004 ikaongeza wagonjwa wa kuziba hewa usingizini na wafanyakazi wa zamu. Ulaya walikwenda njia tofauti: mwaka 2010 wataalamu wa Shirika la Dawa la Ulaya walipendekeza ibaki kwa narkolepsia tu, kwa sababu ya madhara ya ngozi na ya akili. Mimi naegemea Ulaya. Kwa mgonjwa wa kukoroma, modafinili ije tu kama anatumia mashine ipasavyo na bado anasinzia.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 asubuhi. Madaktari wengi huanza na 100. Hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikitoka baada ya saa 15 hivi. Ukiimeza saa 1 asubuhi, saa 4 usiku bado una nusu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini haimezwi mchana. Inayoumiza zaidi watu mwanzoni ni kichwa, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Armodafinili ni ndugu yake wa karibu, hutolewa kwa miligramu 150 hadi 250.

*Methilifenideti* ni ya zamani zaidi na yenye nguvu. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa 3 hadi 4, hivyo hugawanywa asubuhi na mchana, kwa kawaida kuanzia miligramu 10, na kwa siku haivuki 60. Inapandisha mapigo ya moyo na presha, inakata hamu ya kula, na inaweza kumfanya mtu awe tegemezi. Iko kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na ndiyo maana usimamizi wake ni mkali.

*Pitolisanti* (Ulaya 2016, Marekani 2019) na *solriamfetoli* (Marekani 2019) ni mpya. Ya kwanza huamsha kupitia histamini ya ubongo na inasaidia katapleksia pia, ila inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Ya pili inaangaliwa zaidi kwenye presha. *Sodiamu oksibeti* hunywewa usiku kwa narkolepsia nzito; ni dawa ya hatari ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi.

Kuanguka kwa kucheka hakutibiwi na modafinili. Kwa hilo hutumika dawa zilizozoeleka kwenye sonona, kama fluoksetini, venlafaksini au klomipramini, na hizi zinapatikana kirahisi zaidi kuliko majina mapya. Nazo haziachwi ghafla. Mianguko hurudi kwa fujo.

Hatua ya 7: Kabla ya kidonge cha kwanza

Mwambie daktari haya hata kama hakuuliza. Presha yako na historia ya moyo, kwanza kabisa. Kama uliwahi kuona au kusikia visivyokuwepo, kuwa na wasiwasi mkali au kujaribu kujidhuru. Kama ini lako lina shida, maana ini likichoka sana modafinili hukatwa nusu.

Dada na mama, hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Modafinili inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kijiti cha mkononi, na hata kidonge cha dharura. Ukiitumia, hamia kitanzi cha shaba au ongeza kondomu, na uendelee hivyo mwezi mmoja baada ya kuacha. Ulaya wanashauri miwili. Haitumiki kwenye ujauzito, kwa sababu kuna taarifa za watoto kuzaliwa na kasoro. Nimeona maagizo ya modafinili yakisomwa kwa makini mpaka mstari wa mwisho isipokuwa mstari huu. Pitolisanti nayo ina tatizo hilohilo.

Taja pia rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini, zinazodhoofisha modafinili; warfarini na fenitoini, ambazo viwango vyake huyumba; na dawa za VVU. Kwa upande wa pitolisanti, ukiugua malaria mkumbushe anayekuandikia dawa ya mseto au kwinini, kwani nazo hugusa umeme wa moyo.

Hatua ya 8: Ipate kihalali

Usitegemee kuzikuta Duka la Dawa Muhimu. Maduka hayo yana orodha yake, na hizi si zake. Unahitaji cheti cha daktari na famasi yenye mfamasia. Mwombe mfamasia akuthibitishie kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, na angalia boksi: jina la kiwandani, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Vidonge visivyo na boksi, vilivyofungwa kwenye karatasi, virudishe.

Wanaouza "vidonge vya akili" kwa wanafunzi kupitia WhatsApp na Instagram, pita mbali. Huwezi kujua ndani kuna nini, na ukipata vipele hakuna wa kumuuliza. Ukiletewa na ndugu kutoka nje, ulizia kwanza TMDA kibali kinachohitajika; kwa methilifenideti bila nyaraka unaweza kujikuta unajieleza kwa watu wa dawa za kulevya.

Hatua ya 9: Wiki nne za mwanzo

Modafinili imeze ukishaamka, saa 12 au saa 1 asubuhi, na chakula au bila. Wa zamu ya usiku wameze saa moja kabla ya kuingia kazini. Ukisahau na imeshapita saa 6 mchana, ruka, endelea kesho. Usifidie kwa viwili. Kahawa ipunguze siku za mwanzo ili ujue mapigo ya moyo yanayokusumbua yanatoka wapi. Maji kunywa ya kutosha. Maumivu mengi ya kichwa ya wiki ya kwanza hutulia yenyewe.

Pima presha kabla ya kuanza, kisha kila wiki. Endelea na daftari. Usingizi mfupi wa dakika 15 hadi 20 mchana uendelee kuwepo, hasa kwa mwenye narkolepsia. Dawa inausaidia, haiuondoi. Usukani subiri mpaka daktari akubali.

Acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona vipele, malengelenge, vidonda mdomoni au machoni, uso kuvimba, au homa yenye vipele. Mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki tano za kwanza. Ni nadra, lakini ngozi ikianza kuchubuka haingoji kesho. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, mapigo kwenda mbio bila kutulia, kuona vitu, au mawazo ya kujidhuru. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa.

Mwisho wa wiki ya nne jaza tena Epworth, wewe na mwenzi wako. Kushuka kwa alama tatu au nne ni mafanikio. Wachache hufika sifuri. Isiposhuka, kabla ya kuomba kipimo kikubwa, rudi hatua ya 2 na ya 4: saa ngapi unalala, mashine unaivaa usiku mzima au unaivua saa 8 usiku? Modafinili ina kikomo cha miligramu 400, na kuvuka 200 faida ya ziada ni ndogo kwa wengi.

Baada ya hapo, hudhurio la kila miezi mitatu hadi sita linatosha: presha, uzito, hali ya moyo na akili, na swali kama bado unaihitaji. Aliyepungua kilo za kutosha au aliyeacha lindo la usiku anaweza kupunguza taratibu na daktari wake, akaangalia wiki mbili zinasemaje. Cheti kipya kiombe wiki moja kabla vidonge havijaisha, hasa kama famasi yako huagiza kutoka Dar es Salaam.